Bado ya Furaha

Wasichana, mliposikia nimetundika daluga mliniandalia keki yenye umbo la jiwe, halafu mkanishikisha kipaza sauti. Kuhutubia keki sikuweza, ndiyo maana nikawaahidi nitaandika. Sasa nimekaa mezani kwangu hapa Granville, goti la kushoto nimelilaza juu ya kiti cha pili, na hakuna anayenipigia simu kuuliza kama Jumapili nitafika mazoezini. Nitawaeleza mambo ya barafuni tu. Vikombe viko kwenye kabati la klabu, kavihesabuni wenyewe mkiwa na nafasi. Kazi iliyonilisha miaka yote hiyo, ya maabara ya damu hospitalini, haina cha kuwafundisha kuhusu kuachia jiwe.

Nilifika kwenye barafu kwa sababu ya joto. Ilikuwa kiangazi, Sydney inaungua, feni yetu imekata roho, na mfanyakazi mwenzangu akaniambia kuna ukumbi wa barafu ambako mtu anaweza kukaa kwenye viti vya watazamaji bila kufukuzwa. Nikabeba sweta nikaenda. Wengi huona ajabu Mwafrika kupenda barafu, na kila mwandishi wa gazeti la mtaa aliyewahi kunihoji alianzia hapo. Mimi ni mtoto wa Makete. Kule juu Njombe, mwezi wa sita na wa saba, unaamka unakuta maji ya ndoo yameota ngozi ya barafu na majani ya viazi yamebabuka kwa baridi. Nikiwaeleza waandishi hivyo walitikisa kichwa kwa adabu, wakidhani Kiingereza changu kimepotea njia.

Siku ile chini pale watu wazima walikuwa wakisukuma mawe ya mviringo yenye mikono kama ya birika, na wengine wakikimbia mbele ya mawe hayo wakifagia. Nilicheka peke yangu hadi mwanamke mmoja mrefu, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu, akapanda ngazi akaja kunisimamia. Huyo ndiye Glenys. Alikuwa dereva wa basi la shule, na alizungumza Kiingereza cha puani ambacho nitakiandika hapa kwa Kiswahili ili tusichoshane. Alinipa fagio akasema, "Mtu anayecheka lazima afagie." Nikashuka. Sikupanda tena kukaa kwenye viti vile mpaka mwaka huu.

Ninyi mchezo mnaujua, lakini mama zenu watasoma hii pia, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Kila timu ina watu wanne. Mmoja anaachia jiwe kutoka upande mmoja wa uwanja, wawili wanalifagilia njia, na mmoja anasimama upande wa pili, kwenye duara tunaloliita nyumba, akiona jiwe linavyokuja na kupiga kelele. Kufagia kunalainisha barafu, kwa hiyo jiwe linakwenda mbali zaidi na linanyooka. Likiachwa bila kufagiwa linachoka mapema na linapinda. Jiwe linalokaa karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndilo linaloshinda. Mengine yote ni ubishi.

Glenys alinifundisha kuanguka kwanza. Unavaa kiatu kimoja chenye nyayo laini kama sahani, unajisukuma kwa mguu wa pili, na unateleza umechuchumaa nyuma ya jiwe lenye uzito wa debe la maji. Wiki za mwanzo nilikwenda kazini na kidevu kilichochubuka, na daktari mmoja pale hospitalini akaniita pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama. Nilimwambia ni mchezo. Akanipa namba ya simu ya ushauri hata hivyo.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuitazama barafu kabla ya kuikanyaga. Barafu yetu haikuwa yetu. Asubuhi ilikuwa ya watoto wa kuteleza, baadaye ya vijana wa magongo, na sisi tuliipata ikiwa na mikwaruzo na kilima kisichoonekana upande wa mlango wa mashine ya kusawazisha barafu. Glenys alifika mapema, akaketi, akatazama matone ya maji yanakoelekea. Kisha alivaa tangi mgongoni na kurudi kinyumenyume akinyunyiza matone yanayoganda kuwa vipele, maana jiwe huteleza juu ya vipele, halitelezi juu ya kioo. Mkiona mtu anaingia uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye gari, mjue atalaumu fagio lake kabla ya chai.

Sasa niwaambie kuhusu jezi. Kila msimu timu za wanawake za jimbo letu zilishindana, na moja tu ilivaa jezi ya rangi ya samawati ya New South Wales na kwenda kwenye mashindano ya taifa. Glenys alicheza tangu klabu ilipoanza, na hakuwahi kuivaa. Alikuwa ameshika nafasi ya pili mara nyingi kiasi kwamba watu waliiita nafasi hiyo kiti cha Glenys, na yeye alicheka pamoja nao. Siku moja nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akiwa ameishika jezi ya mwanamke mwingine iliyosahauliwa kwenye ndoana. Aliikunja vizuri akaiweka mezani. Niliitaka jezi ile kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, na nilikuwa naitaka sana kwa ajili yangu.

Timu ilipovunjika, kwa sababu wawili walihamia Perth na waume zao, tukabaki mimi na yeye, nikapewa unahodha na kuambiwa nitafute watu. Nilimpata Njeri kwanza. Njeri ni Mkenya, alifanya kazi benki mjini kati, na alikuja barafuni kupiga picha za kupeleka mtandaoni. Nikamwambia mtu anayepiga picha lazima afagie. Alikuwa mwepesi wa miguu na mzito wa kunyamaza, na vyote viwili tulivihitaji.

Furaha nilimwona dukani kwa Mzee Hamisi, hapa hapa Granville, pale mnaponunua kisamvu cha barafu na dagaa. Alikuwa amebeba gunia la unga begani na mtoto kwa mkono wa pili, na wakati huohuo anabishana kuhusu ubora wa mchele. Alitoka Bukavu, ambako alikuwa golikipa wa mpira wa mikono, na alifanya kazi kwenye ghala la makontena karibu na Port Botany. Nilimweleza mchezo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo muko wanne, na jiwe ni moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na mabega yangu ndiyo munataka."

"Ndiyo."

"Bon. Nitakuja dimanche nione hiyo wazimu."

Alikuja Jumapili hiyo, akakaa. Mwanawe mkubwa, Espoir, ndiye aliyempa jina lake la heshima, na sote tulimwita Mama Espoir tukiwa na adabu, Furaha tukiwa na haraka. Sijaona mtu anayefagia kama yeye. Alilala juu ya fagio kwa uzito wake wote, na jiwe lililokuwa limekufa lilifufuka. Njeri alijaribu kumfuata kwa wiki kadhaa, akarudi kazini hawezi kuinua mkono kufikia kabati.

Tulianza na maneno ya Kiingereza ya mchezo, na yakatushinda. Maneno yenyewe ni mafupi na yanafanana, ukumbi una mwangwi, na Furaha alijifunza Kiingereza kupitia Kifaransa, kwa hiyo kila nilipopiga kelele aligeuka kuniuliza nimesema nini. Jiwe halingoji tafsiri. Tukakubaliana kwa Kiswahili: fagia na acha. Glenys aliyafanyia mazoezi maneno hayo mawili ndani ya basi la shule, na watoto wa shule wakajua Kiswahili kabla ya kumaliza muhula. Timu nyingine zilinung'unika kwamba tunatumia siri. Siri gani, na nusu ya wahudumu wa mkahawa wa ukumbini walikuwa wanafunzi kutoka Dodoma na Moshi.

Msimu wetu wa kwanza tulifika fainali. Wapinzani walikuwa timu ya kijani, ambayo jezi ya jimbo ilikuwa imeizoea. Raundi ya mwisho, Glenys aliachia jiwe zuri, lenye mwendo wa kutosha, na kazi yake ilikuwa kupinda nyuma ya jiwe la mlinzi, lile linalowekwa mbele ya nyumba kuziba njia, na kujificha pale. Mimi nilikuwa nyumbani kwenye duara. Niliona kwamba likifagiwa mapema litanyooka na kupita, likifagiwa mwishoni litafika palepale. Nilitaka wangoje. Neno la kungoja hatukuwa nalo, maana tulijiwekea mawili tu, basi lile lililoletwa na ulimi likatoka.

"Bado," niliita. "Bado, bado."

Furaha akainamia fagio akafagia kwa nguvu zote. Nikaita tena, bado, kwa sauti ya kupasua koo. Akaongeza. Njeri alisita hatua moja, kisha naye akaingia. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyofagia, na jiwe lilinyooka, likapita mlinzi, likapita kitovu, likanipita mimi mwenyewe miguuni, likagonga ukingo wa nyuma na kutoka. Jiwe langu la mwisho halikuokoa kitu, na timu ya kijani wakaja kutushika mikono. Glenys akaketi kwenye kiti chake.

Chumbani hakuna aliyevua viatu.

"Mama Espoir," nilisema, "nilikwambia bado."

"Nimesikia bado. Ndiyo maana nikafagia."

"Bado maana yake usifagie."

"Hapana, dada. Bado ni haiyafika. Kama haiyafika, tunaendelea. Ku kazi, camion ya makontena ikirudia nyuma, tunasema bado, bado, bado. Ni kusema nafasi ingaliko, kuya. Ikifika tunasema hapo."

"Mimi nikikwambia ugali bado, unakula?"

"Miye nikikuambia ugali bado, unazima moto?"

Njeri alikuwa amejifunika taulo usoni. "Manze, tumelose juu ya neno moja," alisema kutoka ndani ya taulo. "Neno moja, na hata si ngumu." Glenys aliuliza tunabishana nini, nikamweleza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nyote wawili mmesema kweli?" Tukasema ndiyo, na hapo ndipo mimi nilipolia.

Jumamosi yake kesi ilifika dukani kwa Mzee Hamisi, kama kila kitu kinavyofika. Mzee Hamisi ni mtu wa Tanga na huamini Kiswahili alikabidhiwa yeye akitunze. Watanzania wenzangu walinipa haki mara moja: ukiambiwa bado, unatulia. Wakongomani na Warundi waliokuwa wakipima mchele wakasema la, ukiambiwa bado unakaza. Mkenya mmoja alisema inategemea nani anadai nini. Mzee Hamisi aliweka kisu cha kukatia sabuni chini akatoa hukumu.

"Bado lina sura mbili tangu lizaliwe. Kosa ni la nahodha aliyelitupa bila kulivisha nguo. Ungesema bado usifagie, au bado fagia, leo tungekuwa tunakula pilau ya ushindi."

"Mzee, jiwe lina mwendo. Nitapata wapi nafasi ya sentensi nzima?"

"Basi ungecheza bao, mama. Kule kuna nafasi."

Walicheka, na mimi nilicheka. Ila kicheko cha watu hakikai mahali kilipoanzia. Kabla ya mwezi kwisha, Furaha hakuwa tena Mama Espoir. Alikuwa Mama Bado. Walimwita hivyo dukani, stesheni, na kanisani kwao. Mimi niliyelisema neno sikupewa jina lolote. Jina lilikwenda kwa aliyelisikia, na hilo liliniudhi tangu siku ile na linaniudhi hata ninapoliandika.

Furaha akaacha kuja mazoezini. Hakupokea simu. Nilimwachia ujumbe, Njeri akamwachia ujumbe wenye vikatuni, Glenys akamwimbia ujumbe wa sauti. Nikachukua ruhusa ya mchana, nikaenda Port Botany nikamsubiri nje ya ghala mpaka zamu yake iishe.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa uani amevaa kizibao cha manjano, ameipa mgongo milango ya ghala, na lori refu lenye kontena lilikuwa linamrudia kinyumenyume. Dereva alikuwa Mrundi, kioo ameshusha. Furaha alisimama pembeni mkono juu, anatazama nafasi kati ya bati la kontena na mpira wa ukutani. Bado, aliita, bila haraka. Bado. Bado. Lori lilikuja polepole. Kisha akasema hapo, wala hakupaza sauti, na lori likagusa mpira bila kutikisa hata mnyororo. Akashusha mkono akageuka, akaniona nimesimama na mkoba wangu wa hospitali.

"Umekuja kunisemea nini?" aliuliza.

"Nimekuja kukuomba urudi."

"Dada, Espoir ameniuliza ku église, mbele ya watu. 'Mum, why do they call you that?' Nimuambie nini? Niliokoka mambo mengi mie. Sikukuja huku kuitwa kosa."

Nilimwambia halikuwa kosa lake. Akasema hilo analijua, mimi nikaliambie duka. Nikasema nitaliambia. Tulisimama hapo, malori yakipita, na nikamweleza kilichonileta hasa, ambacho sikukijua mpaka nilipomwona uani pale: kwamba tangu siku hiyo bado itakuwa ya kwake. Barafuni neno hilo litamaanisha kaza, haijafika, hata kama ulimi wangu wa Makete unakataa. Kuacha kutakuwa hapo. Na nikitaka wangoje, nitasema tulia.

Aliniangalia kama mtu anayekagua mchele.

"Utaweza?"

"Sijui."

"Et quand même, hata kama haujui, utajaribu."

"Nitajaribu."

"Bon. Nitarudi. Mais ukikosea, hiyo siku jina tunakupa weye."

Wasichana, kujifunza lugha ya kigeni ni kazi ndogo. Jaribuni kugeuza neno mlilonyonyeshwa nalo. Nilifanya mazoezi jikoni, na mume wangu akateseka. Akiuliza ugali umeiva, nilitaka kusema bado, nikajizuia nikasema tulia, naye akadhani nimekasirika akatoka kwenda kukaa na gari. Usingizini nilipiga kelele za hapo. Glenys aliona rahisi kuliko sisi sote, maana kwake maneno yote matatu yalikuwa sauti tupu. Pale dukani nilisimama mbele ya mizani nikatangaza kwamba nahodha ni mimi na neno lilikuwa langu. Mzee Hamisi alisema alishahukumu hivyo. Lakini jina la Mama Bado liliendelea kupita midomoni, na Furaha alipita dukani kimya, ananunua, anatoka.

Msimu uliofuata tulicheza vibaya mwanzoni, kwa sababu nilikuwa natafsiri kichwani. Tulipoteza mechi ambazo hata keki yenu ingeshinda. Katikati ya msimu kitu kikakaa sawa. Nilisikia kinywa changu kinaita bado na moyo wangu unamaanisha kaza, na nikajua nimehama. Tukafika fainali tena. Timu ya kijani, tena.

Safari hii Granville walikuja. Sijui nani aliwaambia, ingawa Njeri alikuwa na sura ya mtu asiyejua. Walikuja na makoti ya manyoya, mablanketi, vitenge juu ya mablanketi, na chupa za chai. Mzee Hamisi alivaa kofia mbili. Walikaa safu nzima na kuuliza kwa sauti nani anashinda, katika mchezo ambao watu hunong'ona. Espoir alikaa katikati yao. Furaha aliwatazama mara moja akashusha macho kwenye fagio lake. Nilijua anachowaza. Akikosea leo, jina hilo litamfuata mpaka kaburini, na mtoto amekaa pale anasikia.

Tulifika raundi ya mwisho tukiwa sawa kwa pointi, na jiwe la mwisho lilikuwa letu. Wapinzani walikuwa na jiwe lililokaa ukingoni mwa kitovu, na mlinzi mbele yake. Ilinipasa kupita pembeni ya mlinzi na kuingia ndani zaidi yao. Jiwe la mwisho huachiwa na nahodha, kwa hiyo Glenys alikwenda kusimama nyumbani badala yangu, na sauti ilikuwa yake.

Nilisukuma, nikateleza, nikaachia. Mkono ulipoachia tu nilijua nimeliachia dogo. Halikuwa na mwendo. Nilibaki nimepiga goti nikaona Glenys naye amejua.

"Bado," aliita, kwa ile pua yake. "Bado, bado."

Furaha na Njeri walikuwa tayari wamelala juu ya fagio. Jiwe lilikwenda. Ukumbini nikasikia sauti ya pili, ya Mzee Hamisi, mtunzaji wa Kiswahili, anaita bado ya Kikongomani. Kisha safu nzima ikaingia, Watanzania, Warundi, Wakenya, bado, bado, mpaka bati la paa likaitika. Nahodha wa timu ya kijani aligeuka kutazama kama moto umewaka. Nililia na kucheka nikiwa nimepiga goti pale pale.

Jiwe lilimfikia mlinzi likampita kwa upana wa kidole. Glenys anaita bado. Granville wanaita bado. Mimi nilikuwa nimefungua kinywa niite bado. Na Furaha akanyanyua fagio.

"Hapo," alisema.

Njeri alimwangalia, akanyanyua lake. Glenys aliendelea kuita, mikono yote miwili inapunga, kisha akaishusha. Jiwe lilikuwa bado halijafika, kwa macho ya kila mtu mle ndani lilikuwa fupi, na aliyefagia kuliko wote duniani amesimama wima na fagio begani. Nilitaka kumpigia kelele. Nilikuwa na haki, mimi ni nahodha. Nilikumbuka lori lile na mpira wa ukutani, nikafunga kinywa.

Jiwe lilipunguza mwendo, na lilipopunguza ndipo lilipoanza kupinda. Lingefagiwa hata mara mbili zaidi, lingenyooka na kupita kando. Lilipinda taratibu, likaingia mbele ya jiwe lao, likalala kwenye kitovu. Furaha hakulitazama. Alikuwa anamtazama Espoir.

Nahodha wa kijani alikuja wa kwanza, akamshika mkono Furaha kabla yangu, akamuuliza alijuaje. Furaha akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "It was there." Glenys alivua miwani yenye kamba ya kiatu, akaifuta, akaivaa, akalitazama jiwe tena, akaivua. Walipoleta jezi za samawati hakungoja kubadilisha. Aliivaa juu ya koti, ikambana mabega, akaenda nayo hivyo hivyo mkahawani, stesheni na hadi Granville ndani ya treni. Alikaa nayo wiki nzima, hata kwenye basi la shule. Kwenye mashindano ya taifa tulishika nafasi ambayo sitaitaja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejali.

Jioni ile Granville walimzunguka Furaha na kumwita Mama Bado kwa vifijo, na safari hii aliitika. Lakini kabla ya hayo, tukiwa bado chumbani, alitoa simu akampigia mama yake Bukavu. Kule kulikuwa kumepambazuka tu. Aliweka simu juu ya benchi sauti ikiwa wazi, ili mikono yake ibaki huru kufungua kamba za viatu, kwa hiyo tulisikia.

"Mama, tumeshinda."

"Mumeshinda nini?"

"Ule muchezo wa ku barafu. Ya mawe."

"Na weye unafanyaka nini ndani?"

"Nafagia, mama."

Njeri aliacha kuchana nywele.

"Furaha," ilisema sauti ya yule mama, taratibu, "ulienda mbali hivyo juu ya kufagia?"

"Ndiyo, mama."

"Na wazungu wanakutazama unafagia."

"Wazungu, na batu betu. Wote. Nilipomaliza, walisimama."

"Walisimama wanaenda?"

"Hapana, mama. Walisimama juu yangu. Wanapiga makofi."

Tulisikia jogoo wa Bukavu, na mtu anayeburuta ndoo.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Alors," alisema yule mama, "ulifagia muzuri."